Mapovu

Mimi fundi baiskeli, Makorora, ubavuni mwa mashine ya kusaga.
Mapovu nayajua.
Unaizamisha tyubu kwenye beseni, unaikamua taratibu,
na pale yanapochomoza, hapo ndipo alipopita mwiba.
Miaka kumi na minne povu kwangu ni habari mbaya ya bei nafuu:
msasa, gundi, kiraka, lete mia tano, nenda.

Sasa nimekaa Bombo, wodi ya watoto,
na ukutani, juu ya kichwa cha Nuswaiba,
kuna kichupa cha maji kinachochemka bila moto.
Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, unatafuta pa kuziba.
"Acha, baba," akasema Sista Nakijwa.
"Hiyo ndiyo hewa yake. Yakikoma, hapo uniite."

Usiku ule sikuyabandua macho.

Siku tatu tulisema ni mafua.
Nilimpaka kifuani mafuta ya nazi na kitunguu,
nikaenda kazini, nikanyoosha rimu ya mtu nisiyemjua,
huku nyumbani mbavu za mwanangu
zikizama na kuibuka, zikizama na kuibuka.
Salha hajanilaumu.
Angenilaumu, ningepata pa kujitetea.

Sista akanifundisha kuhesabu.
"Tazama tumbo. Dakika nzima. Usimguse."
Sitini na nne.
"Tunataka ishuke chini ya arobaini."
Arobaini! Kaitamka kama bei ya nyanya.
Kwetu arobaini ni mzazi kutoka nje na kichanga chake,
na arobaini ni hitima, masinia ya wali,
watu kukunja mikeka na kutawanyika.
Sikutaka kuchagua kati ya hizo mbili.
Nikashika arobaini yangu mwenyewe:
njiti za gurudumu la nyuma la Swala,
nazijua kwa kidole, gizani, moja moja.

Kanuni ni kwamba baba halali wodini.
Bwana Shekiondo wa getini nimemwahidi breki mpya,
mbele na nyuma.
Basi nahesabu.
Saa sita usiku, sitini na moja.
Saa nane, sitini na moja.
Naandika nyuma ya risiti ya dawa kwa kalamu yake.

Kila anayekuja kutuona anatuachia subira
na chapati.
Chapati tumezila.

Kitanda cha dirishani alilazwa mvulana wa Maramba.
Bibi yake alitumenyea chungwa,
ganda likashuka utepe mmoja mrefu usiokatika.
Alfajiri godoro lile limefutwa, linang'aa,
na ule utepe bado uko dirishani, umeanza kujikunja.
Salha akanitazama. Nikatazama kichupa.
Hatukuulizana kitu.
Tulimimina uji, tukanywa, kikombe kimoja,
nikaona aibu kwamba mtamu.

Siku ya nne, hamsini na mbili.
Nilitoka nje nikasimama chini ya mabomba ya kufulia,
nikalia kidogo, kwa haraka,
kama mtu anayekojoa mahali palipokatazwa.
Nikarudi.

Siku ya tano asubuhi, arobaini na tano.
Nikarudia, maana nilipepesa.
Arobaini na tano.
Njiti tano bado hazina tundu kwenye rimu yangu.

Ndipo akafungua jicho moja.
Mkono wake umelazwa juu ya kipande cha boksi la dawa,
umezungushiwa plasta ili sindano isihame.
Akakitazama kile kichupa kwa muda mrefu,
kisha kwa sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta:

"Baba, nani anachemsha chai?"

Yako hiyo, nikamwambia.
Bado haijaiva.